Kopo Chini ya Boila

Nimeacha kazi nyumbani kwa Mama Feza. Ninyi mnaobaki, na wenzenu mnaotunza nyumba kubwa za mtaa wa Kasuku hapa Kindu, mmesema niandike namna ya kuangalia boila, kwa sababu mafundi wamebaki wachache na kila mmoja anasema lake. Nitaandika kama ninavyosema. Shule nilifika mwaka wa tatu tu. Atakayeona kosa avuke mto aje Alunguli, anisahihishe nikiwa namtazama.

Boila ni tanki la chuma linalotundikwa ukutani bafuni. Ndani kuna chuma kingine, tunakiita rezistansi, kinachochemsha maji kwa umeme. Ni kitu kizuri. Ni kitu kinachoweza pia kuua watu wa chumba cha pili. Msomaji ashike yote mawili.

Niliingia nyumba ile nchi ingali inaitwa Zaire. Nilikuja kufua nguo. Mume wa Mama Feza alikuwa ajenti wa kampani, na Mama Feza mwenyewe mkunga, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Siku ya kwanza nikashika robine ya bafuni, lile bomba la maji, ili nijaze ndoo, ikaniuma mkono mpaka begani. Nikaacha ndoo, nikatoka nje, nikamwambia Mama Feza kwamba mimi sifanyi kazi katika nyumba yenye mashetani.

Hakunibembeleza. Akamwita fundi, Papa Sumaili, mzee mrefu aliyekuwa akitembea na sanduku la mbao begani. Papa Sumaili akachukua bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, akaigusisha kwenye robine. Taa ikawaka.

"Siyo shetani," akasema. "Shetani angekuuliza kwanza jina."

Tukafuata waya wa ardhi, ule unaotoka kwenye boila na kuingia udongoni ili umeme uliopotea uende chini, usiende kwa mtu. Ulikuwa umekatwa. Tuliukuta nyuma ya jiko, umefungiwa mbuzi. Mlinzi wa nyumba alisema aliuona pale miaka mingi haufanyi kazi yoyote.

Hilo liwe neno la kwanza kwenu. Katika boila, kitu kinachoonekana hakifanyi kazi njo hicho kinachokulinda.

Papa Sumaili alikuwa na macho yaliyoanza kufifia. Alihitaji mtu wa kutazama ndani ya tanki na kumwambia anachoona, na mimi nilikuwa pale, mwembamba, sina maneno mengi. Alichukia wenye maneno mengi. Hivyo nikawa macho yake. Kwanza kabisa unashusha kifungo cha umeme. Halafu unahakikisha kwa ile bisibisi ya taa, maana kifungo nacho kinadanganya. Unafunga maji yanayoingia, unafungua robine ya moto ili hewa ipite, ndipo unamwaga tanki. Mkifungua kifuniko cha chini mtakuta tope. Wenye miji ya mawe wanakuta chokaa. Sisi maji yetu ya Lualaba yanaleta udongo, mwekundu, laini kama uji wa ulezi. Unaukwangua kwa kijiko cha wali, kijiko cha mbao, kwa sababu cha chuma kinachubua tanki na kutu inaingilia hapo. Ndani kuna fimbo ya madini inayoliwa na kutu ili tanki lisiliwe. Ikibaki nyembamba kama kalamu, badilisha. Mara moja kwa mwaka, mwanzo wa kiangazi. Anayengoja boila ilie ndipo aifungue, huyo ni sawa na anayengoja mtoto aungue ndipo amfundishe moto.

Na muhimu kuliko yote ni supapu. Ni kifaa kidogo cha shaba chini ya tanki. Maji yakipashwa moto yanavimba, yanatafuta nafasi, na supapu inayatoa tone kwa tone. Tena inazuia maji yaliyoingia yasirudi nyuma. Kwa hiyo mlango wa maji kupumua ni huo mmoja tu. Supapu ya Mama Feza ilikuwa imechakaa, ikadondosha hata boila ikiwa baridi. Papa Sumaili akaweka chini yake kopo la maziwa ya unga.

"Njo pua yake hii," aliniambia. "Ukisikia tone ndani ya kopo, iko mzima. Ukikuta kopo kavu, usiulize nani kafanya. Shusha kifungo, utauliza baadaye."

Sasa niwaambie desturi yetu mbaya, ambayo mnayo mpaka leo. Kindu umeme unaondoka wiki, mwezi, hata zaidi. Kwa hiyo mtu anaacha vifungo vyote juu ili kurani, huo umeme, ikirudi ajue. Taa ikiwaka anajua, redio ikilia anajua. Kwenye taa na redio sisemi kitu. Lakini wanaacha na cha boila. Nyumba ya jirani yetu walimwaga tanki wakati wa kiangazi, wakanywa maji yake, wakasahau kifungo juu. Kurani ikarudi, tanki kavu, rezistansi ikaungua mpaka ukuta ukawa mweusi. Papa Sumaili alipoitwa alitazama, akawaambia, "Mmepika chuma. Kimeiva." Akachukua sanduku lake akaenda.

Vita ilipokuja mara ya kwanza, ilipita juu yetu haraka. Ya pili ndiyo iliyokaa. Mume wa Mama Feza alishika njia ya Lubutu kutafuta namna ya kufika Kisangani, na hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari yake. Treni ilikoma. Chumvi ilikuwa inapimwa kwa kifuniko cha chupa. Katika hali hiyo termostati ya boila ikafa, yaani kile kifaa kinachojua maji yamefika moto na kinachokata umeme chenyewe.

Hapakuwa na nyingine mjini. Mama Feza alikuwa anazalisha wanawake chumbani nyuma ya bafu, kwa sababu njia ya hospitali ilikuwa haipitiki, na kuni zilikuwa porini, na porini ndipo wanawake walipokuwa wanakamatwa. Akamwomba Papa Sumaili aunganishe waya moja kwa moja, bila termostati.

Mzee alikataa. Kesho yake akaja akakuta mwanamke amejifungua ndani ya shuka lililofuliwa kwa maji ya baridi yenye tope. Alikaa kidogo barazani. Halafu akafungua sanduku.

Alipomaliza aliniita. "Mwamini, sikiliza. Kichwa chake kimekufa. Kichwa ni wewe sasa. Kurani ikiwepo, unapandisha kifungo, unakaa hapa, hautoki. Unagusa tanki kwa mgongo wa mkono. Mkono ukikataa kukaa, unashusha. Ukiitwa, hauendi. Ukitaka kukojoa, unashusha kwanza."

"Na Mama Feza akiniita?"

"Hata Mama Feza. Hata Mungu; mwambie angoje."

Hiyo ikawa kazi yangu katika vita. Nilikaa kwenye kigoda bafuni, mgongo wa mkono kwenye tanki, nikasikiliza tone likianguka ndani ya kopo na wanawake wakilia nyuma ya ukuta. Wengine walikuwa na watoto wa waume zao. Wengine walikuwa na watoto wa watu ambao hawakuwajua majina. Maji yalikuwa ya moto kwa wote. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Kisha wenye silaha walioshika mji wakatafuta nyumba nzuri, na komanda wao akachagua ya kwetu. Hakubomoa mlango. Alibisha, akaingia, akakaa kwenye kiti cha ajenti, akauliza chakula kinakuwa saa ngapi. Mama Feza akaachiwa chumba cha nyuma na ruhusa ya kuendelea kuzalisha, kwa sababu wake wa askari nao walikuwa na mimba. Mimi nilipewa karatasi ya kuvuka mto kila asubuhi kutoka kwangu Alunguli kuja kufanya usafi.

Komanda hakuwa analala vizuri. Sijui alikuwa anaona nini akifumba macho, na sikutaka kujua. Alichosema ni kwamba tone la boila linamsumbua. Nikaweka kitambaa ndani ya kopo, sauti ikafa kabisa. Lakini amri ya kuiziba supapu ilikwisha kutoka, na amri ya mtu yule haikuwa na njia ya kurudi kinywani. Askari mmoja akachonga kijiti kutoka mpini wa ufagio, akakisukuma ndani ya mdomo wa supapu, akakaza kwa utepe wa mpira wa baiskeli.

Papa Sumaili alipopata habari alikuja, akavua kofia. Nilikuwa nafagia.

"Komanda, samahani. Mashini hii haina kichwa, mimi mwenyewe nilikitoa. Imebaki na pua. Ukiziba pua, siku kurani inarudi itapasuka."

"Kurani iko wapi, mzee?"

"Haiko."

"Basi itapasuka na nini? Na mavi?" Askari wakacheka. Komanda hakucheka. "Mzee, umekuja kunifundisha kulala?"

"Hapana, komanda."

"Kumbe unajua majibu. Enda."

Tukiwa nyuma ya nyumba Papa Sumaili aliniambia kwamba ilibaki kitu kimoja. Kifungo kikae chini. Basi kila asubuhi niliposafisha bafu nilikishusha, na kila asubuhi nilikikuta juu tena. Nikamuuliza sababu askari aliyelinda ndani, kijana mwenye meno mazuri. Akanijibu:

"Tusipokiacha juu, tutajua je kurani imerudi?"

"Si muna taa sebuleni?"

"Taa ililipuka, mama. Boila njo ilibaki. Ikirudi itaanza kuimba, tutasikia."

Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa. Alinisikiliza kwa heshima. Kesho yake nikakikuta juu. Tuliendelea hivyo, mimi nashusha, wao wanapandisha, hakuna aliyegombana na mwenzake. Maisha ya watu wa nyumba ile yalikuwa kwenye kifungo kimoja cha ukutani, na nilikuwa na saa chache tu za kukishika.

Halafu risasi zikaanza juu ya mto, kwa maana wenye kushika upande wetu wa Alunguli walikuwa wengine, na njia ya maji ikafungwa. Nilikuwa nyumbani. Karatasi yangu haikufaa kitu tena.

Ilikuwa asubuhi, ninamenya muhogo, nikasikia kelele kutoka ng'ambo. Hamhitaji nieleze kelele ile. Hakuna mtu wa Kindu asiyeijua. Mji mzima unapiga vigelegele pamoja, watoto wanagonga masufuria, kwa sababu kurani imerudi. Wale walioshika mji walikuwa wamepata mafuta ya mazutu, wakawasha mtambo wa umeme. Majirani zangu wa Alunguli, ambao hawana hata waya, walicheka pia, kwa furaha ya wenzao.

Mimi nilishuka mtoni na kisu mkononi. Tanki lile kwa kurani ya asubuhi lilikuwa linachemka alasiri. Nilijua hivyo kwa mgongo wa mkono wangu. Nikamkuta mwenye mtumbwi amekaa juu ya mtumbwi wake alioufunika na matawi.

"Nivushe."

"Mama Mwamini, jana nguo imeponyoka mkononi mwa mwanamke anayefua, ikaelea. Waliipiga risasi. Nguo."

"Iko boila kule."

"Iko nini?"

Nikaanza kumweleza, nikaacha. Nilikaa pale mpaka jua likapinduka, nikitazama mabati ya Kasuku. Kelele za furaha ziliendelea, mtu amewasha muziki. Nilikuwa kichwa cha boila na nilikuwa ng'ambo.

Yaliyofuata nilielezwa na Mama Feza. Siku hiyo alikuwa na mwanamke kitandani, Zawadi, mke wa mchimbaji, aliyekimbia kwa miguu kutoka Kampene akiwa na mimba. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama Feza alisikia boila ikianza kuimba, akatoka akamwambia kijana mwenye meno mazuri ashushe kifungo.

"Mama, acha. Leo komanda atakoga maji ya moto. Miezi anangoja. Usituharibie."

"Basi toeni kijiti."

"Atasikia tone."

Mlango wa bafu ukafungwa. Zawadi hakuweza kuinuliwa, kichwa cha mtoto kilikuwa njiani. Mama Feza akavuta kitanda mpaka kikagusa ukuta wa mbali. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo.

Papa Sumaili alikuwa amekamatwa asubuhi pamoja na wanaume wengine kubeba mizigo. Alisikia vigelegele akiwa na gunia kichwani. Walipoachiliwa alasiri alikuja moja kwa moja, mzee yule, mbio. Getini alisimama akapangusa jasho, akasema kwa utulivu kwamba komanda amemwita kuangalia maji ya kukoga. Nadhani ulikuwa uongo wake wa kwanza. Wakampisha.

Tanki lilikuwa linapiga ukuta. Mama Feza aliusikia mlango wa bafu ukifunguliwa, akasikia kifungo kikishuka. Papa Sumaili akamwita kupitia ukutani, "Feza, tokeni."

"Hatuwezi. Anazaa."

Mtambue kitu hapa. Papa Sumaili mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba boila iliyochemka haiguswi. Unashusha kifungo, unafunga mlango, unatoa watu, unasubiri mpaka kesho. Hakuna tanki linalostahili ngozi ya mtu. Aliniambia hivyo mara nyingi mpaka nikachoka. Lakini yeye alikuwa anaona mshono wa chini umeanza kutoa mvuke, na nyuma ya ukuta kulikuwa na watu watatu, mmoja hajatoka bado.

Alichomoa kijiti.

Mvuke ule na maji vilimpata usoni, shingoni na kifuani. Mama Feza alisikia filimbi ndefu, hakusikia mtu. Tanki likapumua mpaka likanyamaza. Komanda aliamshwa na sauti ile, akatoka sebuleni, akamkuta mzee amekaa chini bafuni na mikono imenyooka mbele.

"Nani amekupa ruhusa ya kuingia hapa?" akauliza.

Mtoto alizaliwa jua likizama, msichana. Mama Feza alimkabidhi kwa mama yake, akaenda kukaa na Papa Sumaili. Mafuta ya mawese yalikuwepo, dawa haikuwepo. Alidumu siku chache. Aliuliza mara moja kama mtoto alikuwa na vidole vyote. Alizikwa na watu wanne, kwa sababu wengine walizuiwa. Njia ya maji ilipofunguliwa mimi nilikuta kaburi limekwisha kuota nyasi, na boila iko ukutani, nzima, haina hata mkwaruzo. Komanda alikuwa ameondoka kwenda kwingine. Kijiti kilikuwa bado sakafuni. Nilikitia jikoni kikaungua kama kuni nyingine.

Sanduku la mbao nililichukua mimi. Hakuna aliyenipa.

Miaka imepita. Termostati mpya ilitoka Goma kwa ndege, nikaifunga mwenyewe. Mama Feza amezeeka, anakodisha vyumba kwa wasafiri, na hakogi maji ya moto. Ndoo yake ya baridi mnaijua. Zawadi alibaki akafanya kazi jikoni mpaka kufa kwake. Msichana wake njo Riziki, huyu mnayefanya naye kazi, anayechukua nafasi yangu. Amezaliwa nyuma ya ukuta ule. Hilo halimfanyi ajue kazi.

Hatukumwambia habari ya Papa Sumaili. Mama yake hakutaka mtoto akue akijua kuna mtu alikufa siku ya kuzaliwa kwake. Sisi tulimheshimu mama.

Kiangazi hiki niliingia bafuni nikakuta kopo kavu. Nikashusha kifungo. Nikainama nikaona supapu imefungwa mfuko wa plastiki, umekazwa kwa utepe wa mpira, kazi safi kabisa. Nikamwita Riziki.

"Koko," akasema, kama wanavyoita bibi, "wageni walilalamika. Wanasema tone inawazuia kulala."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikafungua mpira ule polepole. Kisha nikamwambia aketi sakafuni, nikamweleza yote mliyoyasoma, pale pale, bila kupunguza. Sasa mama yake hayupo, na boila ina kichwa kipya, lakini kichwa kinaweza kufa bila kuaga. Riziki hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mzee alikaa upande gani?"

Nikamwonyesha. Akasogea kutoka pale.

Baada ya hapo hakunisemesha kwa wiki mbili, na mimi sikumsukuma. Nilikuwa nimekwisha kuaga kwa Mama Feza, lakini kila jioni nilisema nitarudi kesho, kuna jambo sijamaliza. Mama Feza alinitazama, akaniacha.

Juma lililopita tulikuwa uani tunachambua matembele. Umeme ulikuwa umeondoka siku nyingi. Ghafla Kasuku yote ikapiga vigelegele, watoto wakakimbia barabarani na masufuria yao, hata wageni wakatoka barazani wakapiga makofi. Mimi nilianza kuinuka, kama ninavyoinuka siku zote nikisikia furaha ile.

Riziki alikuwa amekwisha kuingia ndani. Mboga zake zilikuwa chini. Nikasikia mlango wa bafu, kisha akarudi akapangusa mgongo wa mkono kwenye kitenge.

"Tone linaanguka," akasema, akaendelea na matembele.

Kesho yake sikuvuka.